Kiti cha Nyuma: Maisha ya Fundi Nimekaa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wa karakana mliokuja na ovaroli zenu kwa sababu mmetoka kazini moja kwa moja, asanteni kwa kuja kumsindikiza baba yetu. Mimi ni binti yake wa kwanza. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake na nitajitahidi niyasome yote. Nikikwama, nivumilieni kidogo, nitaendelea.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1950, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Babu alikuwa seremala wa viti, bibi alikuwa akifua nguo za watu. Shangazi yetu, aliyemfuata marehemu kuzaliwa na ambaye yuko hapa, anasema siku moja gari la polisi liliingia mtaani kwao, jeusi, mgongo wa mviringo, na kengele ya shaba mbele, maana ving'ora vilikuwa bado havijafika. Watu wazima walifunga milango. Marehemu, miaka sita, akatoka nje. Alilizunguka mara mbili, akainama akachungulia uvunguni, kisha akamuuliza askari kwa nini linavuja mafuta. Askari alicheka. Bibi hakucheka, alimzaba kofi. Kila miaka kumi ya maisha yake ilikuwa na gari moja la polisi alilolipenda; hilo ndilo lilikuwa gari lake la miaka ya hamsini, na hadi uzeeni alilitaja kama watu wanavyomtaja mchumba wa kwanza.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Hakuwa mbumbumbu, lakini daftari zake zilikuwa na mambo mawili: mbele hesabu, nyuma magari. Gari lake la miaka ya sitini lilikuwa dogo, la kijivu, lenye taa moja juu ya paa, alilokuwa akipanda mkuu wa kituo. Alilichora upande mmoja, akalichora upande wa pili, akalichora hata kwa chini, ambapo hakuwahi kupaona vizuri. Mwalimu wa hesabu alimchapa kwa michoro ile, na wiki iliyofuata akamwita pembeni amtazamie pikipiki yake iliyokuwa inagoma kuwaka asubuhi. Iliwaka. Alimaliza shule mwaka 1965, akaingia chuo cha ufundi, akatoka na cheti mwishoni mwa 1968.

Tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa katika karakana ya magari ya polisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na aliifanya mwaka mzima bila kunung'unika, angalau mbele za watu. Alikaa pale miaka arobaini na mmoja. Wengi wenu hapa mmeshika spana kwa mara ya kwanza mbele yake, na nadhani hakuna hata mmoja aliyeepuka maneno yake. Alikuwa mtaratibu nyumbani na mkali kazini. Mtu akiacha boliti haijakazwa, baba hakupiga kelele. Alimpa boliti ile akae nayo mfukoni juma zima.

Miaka ya sabini gari lake lilikuwa jeupe, boneti ndefu, na kwa jinsi lilivyong'aa alilipa jina la Bibi Harusi. Ni katika gari hilo, mwaka 1973, alipopata desturi iliyomfanya ajulikane. Walikuwa wanalijaribu barabarani baada ya matengenezo, yeye akaambiwa akae nyuma ashikilie kopo la rangi lisimwagike. Njiani akasikia mlio ambao fundi aliyekuwa mbele hakuusikia. Walipolifungua, walikuta kweli kuna kasoro. Tangu siku hiyo hakuruhusu gari litoke karakana kabla hajakaa kiti cha nyuma. Alikaa macho yamefumbwa, mikono magotini, dereva analizungusha gari: posta, mzunguko mkubwa, barabara ya mawe nyuma ya soko, kurudi. Alikuwa akisema, "Dereva anasikia injini. Aliyekaa nyuma ndiye anayelisikia gari." Tena alisema kwamba anayekaa nyuma ya gari la polisi hakuchagua kulipanda. Ni mtu aliyekamatwa, au aliyeumia, au mtoto aliyepotea. Huyo hawezi kushika usukani, hawezi hata kufungua mlango, kwa hiyo lazima kuwe na mtu aliyemkalia mahali pake kabla.

Akirudi aliichukua kadi ya gari. Mafundi wenzake walitia saini. Yeye aliandika neno moja: "Nimekaa." Ndipo wakamwita Fundi Nimekaa, na jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Desturi hiyo ilimletea bibi msukosuko. Jirani mmoja alimwona marehemu anapitishwa sokoni nyuma ya gari la polisi, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, akakimbia nyumbani kusema mwanao amekamatwa na amekwisha kata tamaa. Bibi alifunga chakula na shuka, akaenda kituoni kwa miguu, akamkuta mwanawe anakunywa chai na mkuu wa kituo. Marehemu alizabwa kofi lingine, na safari hii alikuwa na miaka ishirini na minne.

Tarehe 14 Oktoba 1978 marehemu alipata jiko. Mama yetu, aliye mbele yenu hapa, alikuwa mpokea simu katika chumba cha redio cha polisi. Kila redio ilipofungwa kwenye gari, fundi alipaswa kuijaribu kwa kuita kituoni, "Moja, mbili, tatu, mnanisikia?" Mara moja inatosha. Marehemu alijaribu redio ya Bibi Harusi siku tisa mfululizo. Siku ya kumi mama akamjibu hewani, magari yote ya zamu yakisikia, "Fundi, redio yako ni nzima. Kama wewe ndiye mbovu, sema." Wazee wa kazi bado wanalikumbuka jibu hilo. Walioana miezi minane baadaye, na katika miaka arobaini na mitano ya ndoa mama anasema hakuwahi kumsikia anamtolea lugha mbaya, ingawa alikuwa akiacha grisi kwenye kila taulo.

Gari la miaka ya themanini lilikuwa gari la buluu la mabenchi mawili, liitwalo Mkunga. Mwezi Mei 1983 mama alishikwa na uchungu akiwa kazini. Mkunga ndilo gari pekee lililokuwa tayari, likisubiri mzunguko wake wa majaribio. Dereva akakamata usukani, baba akakaa nyuma na mama, na kabla ya kuumaliza mzunguko mkubwa nikazaliwa. Kadi ya siku hiyo ilihifadhiwa karakana kwa miaka mingi. Baba aliandika, "Nimekaa. Tumerudi watatu."

Dereva wa siku ile alikuwa rafiki yake mkubwa kuliko wote. Tulimwita Mrefu, kwa sababu magoti yake yaligusa usukani. Ndiye aliyekuwa akilizungusha kila gari ambalo baba alikaa nyuma yake, miaka kumi na minane, wawili wale, mmoja anaendesha na mwingine amefumba macho. Nitarudi kwa Mrefu.

Baba alikuwa na wajukuu watano, na wote waliijua orodha ya magari ya babu kwa moyo. Alikuwa akiwapakata na kuwahesabia kwa vidole: la kengele, la kijivu, Bibi Harusi, Mkunga, halafu Mabega, lile la miaka ya elfu mbili, lenye sehemu ya nyuma iliyo wazi na askari wanaokaa kwa kupeana migongo. La mwisho lilikuwa jipya, la kompyuta, lililoingia mwaka 2010, mwaka wake wa kustaafu. Hilo alilipenda shingo upande, kwa kuwa lenyewe lilimwambia kasoro zake kabla yeye hajaketi. Kila mara mjukuu mmojawapo alisema, "Babu, umeruka miaka ya tisini." Naye alijibu kwamba miaka ya tisini hakukuwa na gari. Sisi wakubwa tulijua lilikuwepo. Lilikuwa landrova ya kijani, namba kumi na saba, ikiitwa Kobe, na nikiwa mtoto nilimwona akiifuta kwa shati lake mwenyewe. Hatukuuliza.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2021. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba vumbi na moshi wa miaka mingi vilikuwa vimefanya kazi yake. Kufikia Januari 2023 alikuwa hawezi kutembea hadi getini bila kupumzika. Tulimwekea kiti dirishani, akawa anasikiliza magari yanayopita na kutuambia lipi halitamaliza mwezi. Ugonjwa ulimkondesha mwili mzima isipokuwa masikio. Mama alimuuguza usiku na mchana, wadogo zangu wawili walipokezana kumbeba, na kwa niaba ya familia nawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani.

Sasa nafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliniagiza nisome, na nitasoma kama alivyotaka.

Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi, aliniita nikae karibu. Akasema, "Kadi ya Kobe niliandika uongo."

Nilidhani homa imempanda. Nikamwuliza kadi gani.

"Niliandika nimekaa. Sikukaa."

Ijumaa tarehe 8 Julai 1994 ilikuwa siku ya zawadi shuleni kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekuwa wa kwanza darasani, na nilikuwa nimemwapia baba kwamba asipokuja sitasoma tena. Asubuhi hiyo Kobe alikuwa ametoka kufungwa magurudumu mapya ya nyuma, na saa zilikuwa zinakwenda. Mrefu ndiye aliyemwambia, nenda bwana, mimi nitalizungusha peke yangu, wewe andika tu. Baba akaandika. Alifika shuleni akiwa ametoka jasho, akasimama nyuma kabisa ya ukumbi, nami nikamwona, nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Jumatatu tarehe 11 Julai, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kwenye mteremko wa daraja, gurudumu la nyuma la kushoto la Kobe lilichomoka. Mrefu alikuwa peke yake ndani ya gari, na alifia palepale. Habari ilikuja kwa redio, na aliyeipokea alikuwa mama yetu. Ndiye aliyetoka chumba cha redio akavuka uwanja kwenda kumwambia mume wake. Waliochunguza waliandika kwamba ni uchakavu wa chuma. Waliikuta kadi ina neno lake, wakaridhika, kwa sababu neno lile halikuwahi kuwa na shaka. Hakuna aliyemwuliza chochote. Kama angeulizwa angesema, nina hakika, lakini hakuulizwa, na siku zikapita, na jambo la namna hiyo likishapita juma la kwanza linakuwa zito mara mbili.

Mjane wa Mrefu ni fundi cherehani. Nyumba yake ni ya tatu baada ya mashine ya kusaga unga. Utoto wangu wote baba akitushika mkono kwenda dukani alitupitisha njia ya nyuma, yenye matope, na tulipolalamika alisema kutembea kunajenga mwili. Miaka thelathini alimzunguka mwanamke yule. Jumapili ile ndipo nilipoielewa ile njia.

Akaniambia, "Nenda ukamwambie. Halafu siku mkisoma habari zangu, na hilo mlisome. Msiniruke mwaka."

Nikasema nitaenda.

Sikwenda. Nasema hili mbele yenu kwa sababu naye alisema la kwake. Jumatatu nilijipa kazi: nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu, nikapanga dawa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa mama yule atamlaani mtu anayekata roho, na mimi ndiye nitakayerudi kumwangalia usoni. Jumanne asubuhi baba aliniuliza kama nimekwenda. Nikamjibu, "Kesho, baba."

Akasema, "Kesho basi."

Alifariki siku hiyohiyo, Jumanne tarehe 13 Agosti 2024, saa kumi jioni, mama amemshika mkono, dirisha liko wazi.

Alhamisi nilipiga moyo konde, nikaenda nyumba ya tatu baada ya mashine ya unga. Nilimkuta anakata kitambaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliona sistahili kuketi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka mkasi chini, akaniambia nikae. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Ijumaa ile alasiri, wakati mimi napokea zawadi yangu, Mrefu alipita kwa fundi mashine kumchukua mkewe, kwa sababu cherehani kilikuwa kimetengenezwa na kilikuwa kizito. Haikuruhusiwa kupakia mtu wa nyumbani kwenye gari la polisi. Alimficha nyuma, cherehani mapajani. Na mama yule akausikia mlio, upande wa kushoto, chini yake. Akamwambia mumewe, gari lako linasaga. Mrefu alisimamisha gari, akakaa nyuma yeye mwenyewe huku mkewe akiliachia breki lisogee kidogo kwenye mteremko, akasikia. Mkewe akamwambia lirudishe sasa hivi.

Mrefu akamjibu, "Nikilirudisha leo watamtoa Nimekaa shuleni kwa binti yake. Liache lipumzike. Jumatatu nitampelekea mwenyewe."

Gari lilikaa Jumamosi na Jumapili uani kwa Mrefu, limefunikwa turubai. Jumatatu alilitoa asubuhi na mapema, polepole. Daraja lile liko kwenye njia ya kwenda karakana. Sote tulidhani alikuwa anaanza zamu. Alikuwa anampelekea baba gari.

Nilimwuliza mama yule kwa nini hakusema. Alisema angesema, wangejua mumewe alivunja sheria kwa kumpakia, na aliendesha gari akijua ni bovu, na jina lake lingechafuliwa kaburini. Pia alisema kila mwaka alitaka kumwambia fundi peke yake, kwa siri, lakini kila alipotoka mlangoni hakumwona akipita. Alidhani fundi anamchukia, kwamba anamlaumu Mrefu kwa kuharibu gari alilolipenda.

Miaka thelathini, nyumba zetu zinatenganishwa na mtaa mmoja.

Baba, kama nawe unasikia: alijua. Aliusikia mlio, akakuacha uje unione. Alikupa ile Ijumaa kwa hiari yake. Hukumdanganya yeye, na hakukulaumu, na maneno haya nilikuwa na siku mbili za kukuletea na sikukuletea. Hizo siku mbili ni zangu, nitakaa nazo.

Nilimwomba mke wa Mrefu ruhusa ya kusoma haya, nikamwambia akikataa nitayafuta. Aliokota mkasi, akasema, "Soma. Nao waliobaki wa Mrefu wamjue alikuwa rafiki wa namna gani."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake wa mwisho wa kiume. Ameacha pia mafundi kumi na mmoja aliowafundisha, ambao bado wanakaa nyuma. Na kwa idhini ya mama yetu tumeongeza jina la Mrefu katika orodha ya waliomtangulia, karibu na wazazi wake. Gari la miaka ya tisini lilikuwa Kobe, landrova ya kijani, namba kumi na saba. Wajukuu, sasa orodha yenu imetimia.

Maandishi mliyoshika mikononi yanaishia hapo. Haya machache nimeyaongeza kwa kalamu asubuhi hii.

Karakana ilituletea gari la kubeba jeneza, na mkuu wa karakana wa sasa akaja na kadi yake, akasema halijakaliwa na mtu, na hawezi kulitoa hivyo, leo kuliko siku zote. Kabla mimi na wadogo zangu hatujapanda, mke wa Mrefu aliinua gauni lake kidogo, akapanda, akakaa kwenye benchi la nyuma pembeni ya jeneza, akafumba macho, mikono magotini. Dereva alipita posta, akapita mzunguko mkubwa, akapita barabara ya mawe nyuma ya soko. Tulifika hapa, akashuka, akaomba kalamu.

Kadi ninayo. Ina neno moja, na chini yake tarehe ya leo, Jumamosi 17 Agosti 2024.

Lala, baba. Gari limesikilizwa. Amani iwe kwako, na kwa Mrefu anayekuendesha.